Wasikilizaji wa Bi Mwahija

Ilikuwepo nchi, na kama bado ipo msiniulize mimi, iitwayo Rahatele. Naisimulia kwa sababu nimeombwa, si kwa kupenda. Kuna mahali katika kisa hiki ambapo kila nikifika huwa nakohoa na kutazama pembeni, na nyinyi mkifika hapo mnaruhusiwa kukohoa pia.

Rahatele ilikuwa nchi inayopenda wasanii. Hilo lisemwe mapema, maana wapo wenye midomo mirefu wanaodai vingine. Katika historia yake yote haikuwahi kumpiga marufuku mwimbaji hata mmoja. Mwimbaji akiimba jambo lililowakera wakubwa, aliandikiwa barua nzuri yenye maua pembeni, akakaribishwa kwenye kiti chenye mto, akaulizwa swali moja tu, tena kwa upole: "Nani anakusikiliza?" Kama wasikilizaji wapo, basi huyo ni mwimbaji, na aende zake akaimbe. Kama hawapo, basi huyo anajisemea peke yake, na mtu anayejisemea peke yake hadharani anahitaji msaada wa serikali. Kazi ya kuuliza swali hilo ilipewa Wizara ya Masikio.

Ndani ya wizara hiyo, ghorofa ya tatu, katika chumba ambacho dirisha lake lilifunguliwa kwa bisibisi, alikuwamo karani mmoja jina lake Hamduni Kijoti. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mashati manne yaliyonyooshwa vizuri, na sauti. Jamani, sauti ile! Ilikuwa nene, ya taratibu, ya kumfanya mtu aache anachokifanya na kugeuka. Kwa sauti hiyo wizara ilimpa kazi ya kusoma matangazo kwenye vipaza, na kwa miaka kumi na sita alikuwa akiwaambia watu wapange foleni mpaka wengine wakawa wanakuja kupanga hata kama hawana shida.

Sasa Hamduni alikuwa na siri. Alimpenda Bi Mwahija.

Msifikirie vibaya. Bi Mwahija alikuwa bibi wa miaka sitini na minane, mwenyeji wa kijiji cha Mbambara, mpiga zeze. Nyimbo alitunga mwenyewe, zeze alipiga mwenyewe, na alipokosea alicheka mwenyewe katikati ya wimbo akaanza upya. Aliimba juu ya sufuria isiyo na mfuniko, juu ya mume aliyekwenda kununua chumvi akarudi na mke, juu ya goti linalouma mvua ikikaribia. Hakuna kingine. Lakini Hamduni alipomsikia kwa mara ya kwanza, kwenye redio ya kinyozi, alisimama nusu kichwa kikiwa kimenyolewa na machozi yakamtoka. Tangu siku ile alijiona kuwa ana mama wa pili.

Ndipo akaanzisha grupu la simu, akaliita Watoto wa Bi Mwahija. Kwa kuwa alikuwa mtumishi wa serikali, na wa wizara ile hasa, hakutumia jina lake. Alijiita Mwana wa Zeze. Na kwa kuwa Rahatele kila mtu ni mtumishi wa serikali, au ana shemeji mtumishi, au anaomba kazi ya utumishi, wengine nao walikuja na majina ya kupanga: Jicho la Kware, Malkia wa Mvua, Kucha la Chui, Mjukuu wa Ngoma. Baada ya miaka miwili walikuwa mia nne na kumi na wawili, na hakuna aliyemjua mwenziwe kwa sura.

Lakini kwa sauti walimjua mmoja. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi Mwana wa Zeze alituma ujumbe wa sauti: "Watoto wa Bi Mwahija, mpo?" Na wao walijibu mmoja mmoja, "Nipo!", "Nipo, mwenyekiti!", "Nipo mpaka kaburini!", na makopa mekundu yakifuata mpaka simu inapata joto. Huo ndio uliokuwa utaratibu wao, na waliushika kuliko sala. Aliyekosa kuitikia siku tatu aliulizwa ana nini. Aliyekosa siku saba alitolewa, na nyuma yake akasemwa kwamba hakuwa mpenzi wa kweli.

Maana huko kwenye grupu mashindano yalikuwa ni hayo tu: nani mpenzi wa kweli.

"Mimi nilimsikia kabla hajaingia redioni," aliandika Jicho la Kware.

"Mimi nilimsikia kabla hajatoka kijijini," alijibu Malkia wa Mvua.

"Mimi," aliandika Kucha la Chui, "nilimsikia kabla hajajua kupiga zeze. Na nikasema, huyu atajua."

Katikati ya mambo haya mazito ikawa inaingia picha ya beseni la mihogo. Aliyekuwa akiituma ni mama mmoja aliyejiandikisha kwa jina la Somoe Mihogo Mibichi na ya Kukaanga. Aliingia kwa makosa, akitafuta grupu la wauza mihogo wenzake, kisha akasikia wimbo mmoja akabaki. Hakujua jina la wimbo hata mmoja. Akitaka kuutaja husema "ule wa goti" au "ule wa yule bwana mjinga wa chumvi". Siku moja aliuliza mbele ya watu wote kama Bi Mwahija ana mdogo wake anayeimba taarabu.

Hamduni alimjibu kwa ujumbe wa sauti, taratibu, kila neno likiwa limepigwa pasi. "Dada Somoe. Hapa ni mahali pa watu wanaoelewa. Kama ni mihogo, soko lipo."

"Nisamehe mwenyekiti," aliandika Somoe. "Mi sielewi. Napenda tu."

Ujumbe ule wa Hamduni ulipata makopa sitini na matatu. Aliyahesabu. Wakati huo alifurahi. Baadaye, kila alipoyakumbuka makopa yale, uso ulimwaka moto hata akiwa peke yake chumbani.

*

Mwaka huo walikubaliana kumpa Bi Mwahija zawadi ya siku ya kuzaliwa. Tarehe yake hakuna aliyeijua, hata mwenyewe, kwa hiyo walipiga kura. Wazo la zawadi lilitoka kwa Hamduni. Ichapwe karatasi kubwa yenye majina yao yote mia nne na kumi na mawili, itiwe kwenye fremu yenye kioo na ukingo wa rangi ya dhahabu, na juu yake yaandikwe maneno haya: MAMA, HATUTAKUACHA. SISI NI WANAO. Jina la kwanza kabisa, kwa herufi nene, likawa Mwana wa Zeze. La mwisho, kwa herufi ambazo mchapaji alizibana ili zienee, likawa Somoe Mihogo Mibichi na ya Kukaanga.

Bi Mwahija hakuwa na simu ya namna hiyo. Alipopokea fremu alimwita jirani amsomee majina yote, kikao kimoja, na alipofika mwisho akamwambia aanze tena. Kisha akaitundika ukutani mkabala na kitanda. Habari hizo zilifika kwenye grupu na watu walilia kwa siku mbili.

Halafu mama wa watu akatunga wimbo wa bomba.

Haukuwa na makali. Ulisema bomba la mtaani kwao linakohoa. Limekohoa Jumatatu tumelipa pole, limekohoa Jumanne tumelipa ndoo, Ijumaa limekohoa tumeliacha likapumzike, nasi tumekwenda mtoni. Basi. Ila bomba lenyewe lilikuwa limezinduliwa na Kiongozi Mkuu kwa mkasi wa dhahabu, na siku ya uzinduzi lilitoa maji kwa dakika nne kamili, jambo lililoandikwa katika vitabu vya darasa la nne. Wimbo ulipigwa redioni asubuhi. Mchana redio ilikuwa na hitilafu. Alasiri barua yenye maua pembeni ilikuwa njiani kuelekea Mbambara.

Barua ile aliipiga chapa nani? Hamduni Kijoti. Aliipiga chapa, akaitia muhuri, kisha akaenda chooni akatoa simu na kurekodi ujumbe kwa sauti ya chini: "Watoto wa Bi Mwahija! Mama yetu ameitwa. Sheria inataka majina kumi tu yaitikiwe mbele ya Mkurugenzi, ukumbini, Alhamisi saa nne. Kumi! Na sisi ni mia nne na kumi na wawili. Alhamisi asikose mtu!"

Weee! Grupu liliwaka. "Tutaujaza ukumbi mpaka wakae madirishani!" aliandika Jicho la Kware. "Nitakuja na nguo ya kubadilisha, wakitaka tulale tutalala," aliandika Malkia wa Mvua. Kucha la Chui alituma picha ya chui. Hamduni aliyasoma yote akiwa amekaa juu ya choo na akavimba kwa fahari. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda ukumbini, hilo lilieleweka, alikuwa mtumishi. Lakini katika watu mia nne na kumi na mmoja, kumi si kitu. Hata wakiugua mia mbili, hata wakifa mia moja, kumi watapatikana. Alipiga hesabu hiyo mara mbili na ikampa usingizi mzuri.

Kile ambacho hakukijua ni kwamba hesabu hiyohiyo ilikuwa ikipigwa katika nyumba mia nne na kumi.

Jumatano wizara ilitoa maelezo ya utaratibu. Mwitikiaji atasimama, ataonyesha kitambulisho, na jina lake la kweli litaandikwa katika Daftari la Kumbukumbu Njema. Hatafanywa chochote. Maelezo yalirudia mara tatu kwamba hatafanywa chochote. Daftari litahifadhiwa kituo kikuu cha polisi, kwa sababu huko ndiko kuna kabati lisiloingia mende.

Saa saba mchana simu ya Hamduni ikatikisika. *Mjukuu wa Ngoma ametoka.* Ikatikisika tena. *Malkia wa Mvua ametoka.* Mwingine aliaga kwa heshima: "Ndugu zangu, simu yangu ina matatizo ya chaji, lakini moyoni nipo." Mwingine alisema amekumbuka ana msiba wiki ijayo na anaanza kujiandaa. Mwingine alidai kwamba tangu zamani alikuwa akimpenda mpiga marimba, siyo huyu. Ilipofika jioni grupu lilikuwa na watu thelathini na wanane, wote kimya, na picha moja ya beseni la mihogo yenye maneno, "Jamani hiyo kesho ni ukumbi upi? Ule wa karibu na stendi au ule mwingine?"

Hakuna aliyemjibu. Hamduni aliandika jina la ukumbi, akalitazama, akalifuta. Kisha naye akabonyeza pale pa kutokea, akajiambia kwamba ni kwa muda tu.

*

Ukumbi wa wizara uliandaliwa viti mia nne na kumi na viwili, kwa kuwa serikali hiyo haikuwa ikidharau watu. Walioketi walikuwa kama arobaini hivi. Wote walivaa miwani ya jua na kofia, na kila mmoja alisema mlangoni kwamba anapita tu.

Mbele, kwenye kiti chenye mto, alikaa Bi Mwahija na kanga yake safi. Zeze aliliweka miguuni. Mapajani aliilaza ile fremu, na alikuwa akiufuta ukingo wake kwa pindo la kanga. Alipoulizwa na mlinzi kama ana ushahidi wa wasikilizaji, alisema, "Ninao watu, baba. Wameandikwa."

Akaingia Mkurugenzi wa Uthibitisho wa Wasikilizaji, Dokta Shekuwe Bamvua, mtu wa kitambi na kitambaa cha jasho.

"Mabibi na mabwana," alisema, "serikali yenu ni sikio. Mkono unaweza kupiga, mguu unaweza kukanyaga, lakini sikio, mabibi na mabwana, sikio limewahi kumdhuru nani? Sikio linauliza tu. Na leo linauliza: mama huyu, anayesema bomba linakohoa, ana nani? Akipata kumi, mimi mwenyewe nitamsindikiza mpaka mlangoni nikimpigia makofi. Tena nimeyapaka mafuta mazuri makofi haya, yanangoja." Akaonyesha viganja. "Karani Kijoti, njoo usome hayo majina. Una sauti nzuri."

Hamduni alikuwa amejificha nyuma ya feni. Hakuwa amewaza kwamba ataitwa, na hapo ndipo mnapoona kwamba mtu anaweza kusoma matangazo miaka kumi na sita asijue kuwa kazi yake ni kusoma. Alikuja mbele. Bi Mwahija alimkabidhi fremu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mwenziwe mtoto, akamwambia kwa kunong'ona, "Isome polepole, mwanangu. Wengine wametoka mbali."

Jina la kwanza lilikuwa lake. Kidole chake kikalipita, kikatua kwenye la pili.

"Jicho la Kware!"

Safu ya tatu bwana mmoja aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Malkia wa Mvua!"

Mama mmoja alianza kupekua mkoba wake kwa bidii, na hakuacha kupekua mpaka jina la kumi.

Aliendelea. Hamsini, mia, mia mbili. Sauti ile waliyokuwa wakiamka nayo kila siku ilipita juu ya vichwa vyao ikiita jina baada ya jina, na vichwa vilizidi kushuka. Wapo waliofungua midomo kwa mazoea, ile "ni" ikawatoka, wakaimalizia kwa kupiga chafya. Bi Mwahija hakuwa akiwatazama wao. Alikuwa akimtazama Hamduni mdomoni, akitikisa kichwa kidogo kwa kila jina, maana majina yote aliyajua kwa mpangilio. Kila lililopita bila kuitikiwa aliliachia nafasi, akangoja, ndipo akageukia linalofuata. Hamduni alitamani ardhi impokee. Alitamani hata wamcheke, lakini hakuna aliyecheka.

Majina yalibaki tisa kwenye karatasi mlango ulipofunguka. Akaingia mwanamke mnene anayehema, mikono ina mafuta hadi kwenye viwiko, beseni tupu ubavuni.

"Samahanini wazee, nilianzia ule ukumbi wa stendi," alisema. "Mmefika wapi?"

"Kucha la Chui!" alisoma Hamduni, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Mwanamke yule alitazama huku na huku. Akamwona Bi Mwahija peke yake pale mbele, akaona viti, akaona kofia. Alielewa, na uso wake ukabadilika.

"Nipo!" alisema.

Dokta Bamvua alinyanyua shingo. "Wewe ndiye Kucha la Chui?"

"Ndiyo mimi."

Kitambulisho kikaonyeshwa, jina la kweli likaandikwa kwenye Daftari: Somoe Binti Ngwali. Hamduni akasoma linalofuata, Shangazi wa Nyota.

"Nipo!"

"Hebu ngoja, mama. Si umeshaitika?"

"Na huyo ni mimi pia, bwana mkubwa. Kwenye simu mtu unajiita utakavyo."

Mwanasheria wa wizara alifungua kitabu, akalamba kidole, akafungua tena. Alieleza kwa masikitiko kwamba sheria inataka majina kumi yaitikiwe. Kwamba majina hayo lazima yawe na watu kumi, walioiandika walisahau. Dokta Bamvua alijifuta jasho. "Endelea, Karani."

Aliitika la tatu. Aliitika la nne na la tano. La sita lilikuwa Baharia Mstaafu, akaitika hilo nalo, akasema alistaafu mapema. Kwenye viti watu walianza kunyanyua vichwa, na bwana wa ndala akaacha kufunga kamba. La tisa lilipofika Hamduni alilisoma lote, Somoe Mihogo Mibichi na ya Kukaanga, na yule mama akajibu, "Huyo sasa ndiye mimi hasa. Nipo!"

"Tisa," alisema mwanasheria. "Na karatasi imekwisha."

"Haijaisha," alisema Bi Mwahija. Ilikuwa mara ya kwanza anaongea kwa sauti. "Kuna wa juu kabisa. Umemruka, mwanangu."

Dokta Bamvua alichungulia fremu, akaweka kidole kwenye kioo. "Kweli. Soma na hili, Karani, tusije tukaambiwa tumeonea mtu."

Hamduni alilisoma jina lake.

"Mwana wa Zeze."

Lilitoka vibaya, limekatika katikati. Alimtazama Somoe. Watu wote walimtazama Somoe. Neno moja tu lilikuwa linatakiwa, na kinywa cha kulisema kilikuwa tayari kimezoea.

Somoe alitabasamu.

"Hilo siitikii," alisema.

"Kwa nini?" aliuliza Dokta Bamvua.

"Hilo lina mwenyewe, bwana mkubwa, na yupo humuhumu. Sauti yake naijua, nimeamka nayo kila siku miaka miwili. Huyo ni mwenyekiti wetu, ndiye aliyetukusanya. Mimi nani nimwibie nafasi yake mbele ya mama?" Kisha akamgeukia Hamduni kwa heshima zote, akijua kwamba anampa mtu haki yake. "Haya, kaka. Itika."

Hapa ndipo mimi ninapokohoa.

Ningependa kuwaambia kwamba Hamduni alifikiria watoto wake wenye njaa, au mama yake mgonjwa. Hakufikiria hivyo. Alifikiria kiti. Wizara ilikuwa imeahidi kwamba mwezi ujao makarani waandamizi watapewa viti vya kuzunguka, vyenye magurudumu, na jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha. Alikiona kiti kile waziwazi, na plastiki yake haijatolewa. Aliona pia jinsi Bi Mwahija alivyogeuza uso na kumtazama upya, taratibu, macho yakifunguka kwa furaha, jinsi mtu anavyomtambua mwanawe kwenye umati.

"Hayupo," alisema Hamduni.

Akaandika hivyo kwenye Daftari, kwa wino.

"Hee!" Somoe alishtuka. "Basi kama hayupo ni mimi! Nipo! Niandikeni mimi!"

"Umechelewa, mama," alisema Dokta Bamvua, na alionekana amepona. "Karani ameshaandika. Kilichoandikwa na karani kwa wino, serikali hii hukiheshimu."

Bi Mwahija aliendelea kumtazama Hamduni kidogo. Hakukasirika; ingekuwa nafuu kama angekasirika. Furaha ile ilirudi ndani polepole, kisha akanyoosha mikono akaomba arudishiwe fremu yake.

*

Hukumu ilikuwa ya huruma. Bi Mwahija alitangazwa kuwa Mwimbaji Asiyesikilizwa. Zeze aliachiwa. Kuimba aliruhusiwa, ila mbele ya viumbe wasio na vitambulisho tu: mbuzi, kuku, na watoto wa umri usiozidi miezi kumi na minane.

Somoe Binti Ngwali hakufanywa chochote, kama ilivyoahidiwa. Aliitwa tu kuhojiwa, na kwa kuwa alikuwa na majina tisa aliitwa mara tisa, kila jina na siku yake na picha zake nne. Akiwa Baharia Mstaafu aliulizwa meli yake iko wapi. Mwishowe ikaamuliwa kwamba kitambulisho kimoja hakiwezi kutumiwa na watu tisa, kikazuiwa kwa uchunguzi usio na tarehe.

Na Watoto wa Bi Mwahija? Walirudi wote. Kesho yake, Ijumaa, grupu jipya lilifunguliwa na Jicho la Kware. "Inauma sana," aliandika. "Maneno sina," aliandika Malkia wa Mvua, akaandika kurasa mbili. Wakakubaliana kwamba tatizo la nchi hii ni watu kukosa msimamo. Walimwingiza Mwana wa Zeze bila kumuuliza kitu, wakampa pole kwa kazi kubwa aliyoifanya. Hakuna aliyemwuliza Alhamisi alikuwa wapi, naye hakumwuliza mtu. Alijaribu mara moja kurekodi salamu ya asubuhi. Alijisikiliza, akafuta.

Kiti chake cha kuzunguka kilikuja. Kilikuwa kizuri.

Baada ya miezi mitatu alitumwa Mbambara kukagua. Fomu ilikuwa fupi: jina la mwimbaji, idadi ya mbuzi, wasikilizaji wenye vitambulisho waliokutwa. Dereva wa wizara aliegesha barabarani, Hamduni akashuka kwa miguu kati ya mihogo, na kabla hajaiona nyumba akalisikia zeze. Wimbo ulikuwa mpya. Alisimama pale na fomu yake, kitambulisho kikining'inia shingoni kwa utepe wa wizara, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alipumua hadi chini. Kisha akapiga chafya.

Zeze likanyamaza.

"Hodi," alisema, maana hakuwa na la kufanya tena.

"Karibu," ilijibu sauti ya Bi Mwahija.

Walikuwa uani. Bi Mwahija juu ya kigoda, mbuzi watatu wamelala kivulini, na kati ya mbuzi, miguu ameinyoosha, Somoe anamenya mihogo.

"Ala, mwenyekiti!" alisema Somoe, akasogeza beseni ili amwachie nafasi kwenye mkeka. Jina hilo alilisema vilevile kama zamani, bila kejeli yoyote. "Mimi sheria inaniruhusu siku hizi. Sina kitambulisho, nahesabiwa na hawa."

Hamduni alimgeukia Bi Mwahija. "Mama," alisema. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. "Mama, siku ile..."

"Kunywa maji kwanza, mwanangu. Jua kali."

Alikunywa. Maji yakamwagikia tai. "Endelea kuimba, mama. Tafadhali. Nilikuwa nasikia nikiwa njiani."

Bi Mwahija alilitazama zeze, kisha akamtazama shingoni. "Hicho si kitambulisho?"

"Ndicho."

"Basi siwezi. Watakuja kunichukulia na hili zeze."

"Kivue tu, mwenyekiti," alisema Somoe. "Kitundike pale kwenye mti wa mpapai uje ukae. Kuna nani hapa wa kukuona?"

Hamduni alishika utepe. Ulikuwa mwepesi, wa kupitisha juu ya kichwa tu. Wale wawili walimngoja. Hawakumhimiza, Somoe alishika muhogo bila kuumenya, na Bi Mwahija alikuwa ameshalilaza zeze begani, tayari. Alisimama hivyo muda mrefu, mkono shingoni, hadi mbuzi mmoja akainuka akaenda zake. Kisha akashusha mkono, akatoa kalamu, akajaza fomu. Mbuzi: watatu. Wasikilizaji wenye vitambulisho waliokutwa: hakuna. Akaaga.

Alipofika kwenye mihogo zeze lilianza tena nyuma yake, naye akaongeza mwendo mpaka akawa karibu kukimbia. Dereva alikuwa ameteremsha kioo, kichwa nje, anasikiliza upepo unaleta nini.

"Eti, bosi," aliuliza Hamduni alipoketi, "huyo bibi anaimba vizuri kweli, kama wanavyosema?" Aliuliza dereva, siyo Hamduni, nimechanganya kwa aibu.

"Sijui," alijibu Hamduni, akipandisha kioo. "Sijawahi kumsikia."